Roma ya Baba

Rashidiya, Dubai
18 Novemba 2016

Shangazi yangu Sikujua,

Kabla hata sijakuamkia nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Baba hakuwahi kufika Roma. Yaani sasa amefika, tumekwenda naye Jumamosi iliyopita, mimi na Mama. Ila kabla ya hapo hakuwahi. Nimelijua hilo nikiwa nimesimama nyuma yake kwenye chemchemi moja ya huko, na tangu siku hiyo nimekaa nalo peke yangu.

Sasa shikamoo, na asalaam aleikum kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo. Mama anaendelea kulea watoto kwa madam wake wa Mirdif, na mgongo umepunguza kumsumbua. Mimi nipo tu tangu nimalize shule, napika, napiga pasi, nasubiri majibu ya maombi ya kazi. Barua hii anakuja nayo Dada Agneta wa chumba cha jirani, anayekwenda likizo Korogwe. Ameahidi kuipandisha Lushoto mwenyewe. Kwenye simu nisingeweza kusema haya. Simu ya hapo kwenu ikilia inawekwa sauti ya juu na nyumba nzima inajibu.

Unajua Baba anavyoisimulia Roma. Tangu mimi na Mama tukiwa bado Lushoto kwako, habari ilikuwa hiyohiyo: kampuni yake ya kwanza ilimpeleka huko miezi mitatu kujifunza mashine za ujenzi. Tulipomfuata huku tukaikuta sahani ukutani, ya ukumbusho, imechorwa majengo ya Roma. Mgeni akiingia chumbani kwetu hamalizi chai kabla hajaonyeshwa ile sahani.

Sasa kazi yake ya uwanja wa ndege, ya kupakia mizigo, ina tiketi za wafanyakazi, na viza zilipotoka akasema mwaka huu atatuonyesha. Tiketi hizo zina adabu zake. Unavaa vizuri kama unakwenda harusini, unakaa kando, hunung'uniki, mpaka abiria wa kawaida wameingia wote. Kikibaki kiti unaitwa. Kisipobaki unarudi nyumbani na chapati zako. Sisi tulirudi na chapati zetu zaidi ya mara moja. Safari hii tukaitwa, kila mtu kiti chake mbali na mwenzake. Hoteli hatukuchukua. Tulikwenda asubuhi turudi na ndege ya usiku huohuo, kwani Baba alisema mchana mmoja unatosha kwa mtu anayeijua Roma.

Tulishuka kwenye treni mjini, baridi imetukamata, naye akatoka stesheni kama mtu anayetoka kwake.

"Tunaanzia kwenye chemchemi," alisema. "Ukifika pale unaviona vyote."

Kwenye sahani, Shangazi, chemchemi yenye sanamu za farasi iko mbele, uwanja wa kale wa mviringo wanaouita Koloseo uko nyuma yake, na kanisa kubwa lenye kuba liko ubavuni, kama nyumba za ua mmoja. Baba husimulia hivyohivyo. Unakunywa maji hapa, unageuka, Koloseo hiyo hapo.

Chemchemi tuliipata kwa kufuata watu. Ni nzuri kuliko ilivyochorwa, maji yake yana rangi ya kito. Baba akayapa maji mgongo, akanyoosha mkono kama anavyofanya nyumbani, akageuka. Mbele yake kulikuwa na duka la aiskrimu.

"Liko wapi?" Mama akauliza.

"Lilikuwa hapa."

"Hapa kwenye aiskrimu?"

"Wamejenga sana, Mama Jalia. Miaka minane ni mingi."

"Kwa hiyo wamelihamisha?"

"Sijasema wamelihamisha. Nimesema wamejenga."

Akaingia uchochoro mmoja, tukamfuata. Akaingia mwingine. Tukatokea tena kwenye chemchemi. Mama akakaa kwenye ngazi akavua kiatu. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, na Baba jasho lilikuwa linamshuka shingoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliyekaa mji miezi mitatu anaweza kusahau duka, hawezi kusahau kwamba jengo kubwa kuliko yote haliko pale. Roma yake yote ilikuwa imetoka kwenye ile sahani.

"Jalia," akasema, "kamwulize yule mama mwenye mbwa. Tuhakikishe tu."

Unanijua mimi na kuongea na watu. Shuleni nilikuwa najibu kwa kichwa. Nikaenda, nikauliza kwa Kiingereza changu, yule mama akanielekeza vizuri sana kwa mkono: ni mbali, nusu saa kwa miguu, upande mwingine kabisa na tulikokuwa tukienda. Nikarudi. Baba alikuwa ananitazama, Shangazi, na sijawahi kuona macho yake vile.

Nikasema, "Anasema Baba yuko sawa. Ila siku hizi njia ya mkato imefungwa, inabidi kuzunguka."

"Si nilisema?" Baba akamwambia Mama.

Sijawahi kuwadanganya wazazi wangu kwa sauti iliyonyooka namna ile. Kuanzia hapo nikawa natembea hatua moja mbele huku najifanya tuko sawa. Kila kona nilisoma vibao nikasema, "Baba, si ni hapa ulisema?" naye akajibu, "Hapohapo."

Tukafika jua linazama, taa zimeshawashwa ndani ya yale matao. Baba akavua kofia.

"Kubwa," akasema polepole, peke yake. Halafu akakumbuka kwamba tupo. "Kubwa kama nilivyowaambia."

Mama akatandaza chapati na mayai juu ya ukuta. Askari akatupulizia filimbi, tukahama, tukala tumesimama. Mama akasema atakaporudi Lushoto atasimulia alivyofukuzwa na Warumi. Kanisa la kuba hatukulifikia, liko ng'ambo ya mto. Baba alisema yeye analijua, tusipoteze muda.

Nilifurahi siku ile, wallahi, kuliko siku nyingi. Lakini sijui nifanye nini na hili ninalolijua. Wewe umemlea. Alikuwa mtu wa majivuno tangu utotoni?

Mwanao,
Jalia


Lushoto
27 Desemba 2016

Mwanangu Jalia,

Waaleikum salaam, marahaba. Sisi wazima, mvua inatunyeshea vizuri. Agneta wako alifika, akanywa chai, akala matunda ya plamsi mpaka nikamhofia tumbo. Msichana mwenye heshima. Barua hii nampa yeye arudi nayo. Cherehani haipumziki, sare za shule za Januari zimenijaa mpaka kitandani, na kila mzazi anakuja siku ya mwisho anataka leo. Mpe mama yako pole ya mgongo. Ajikande kwa maji ya moto, asidharau.

Nimefurahi umeuona mji. Nimefurahi zaidi ulikwenda kumwuliza yule mama mwenye mbwa.

Umeniuliza kama baba yako alikuwa mtu wa majivuno. Hakuwa. Soud alikuwa mtoto wa kukiri kabla hajaulizwa. Akivunja kikombe alikuja na vipande mkononi. Ndiyo maana nilimwamini.

Bibi yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi. Utakumbuka wageni walivyojaa kwenye majamvi, sidhani kama ulisikia waliyokuwa wakisema. Kwenye mazishi hatukumsubiri, mtu wa mbali hasubiriwi. Lakini arobaini tuliipanga na yeye akiwemo. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee. Nilimtandikia chumba. Nilikwishawaambia masheikh atafika. Akapiga simu akasema kazi imempeleka Roma, hawezi kukatisha mafunzo. Watu wakaniuliza, mtoto wa marehemu yuko wapi, nikawajibu yuko Roma. Nilijibu hivyo mbele ya kila sahani ya pilau niliyoipakua siku ile.

Tangu hapo akipiga simu namwitikia salamu, halafu nampa mwingine. Mlidhani Shangazi hapendi simu.

Sasa wewe unaniambia hakuwa Roma. Basi alikuwa wapi?

Mwulize. Mimi simwulizi.

Shangazi yako,
Sikujua


Rashidiya
10 Februari 2017

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima wa afya. Dada Agneta aliongezewa likizo kwa sababu ya msiba wa kwao, kwa hiyo barua yako imenifikia juzi tu. Naandika hii kwa posta, nione kama itafika.

Nimepata kazi. Duka la vitabu na vifaa vya shule, hapa karibu na kituo cha metro. Napanga madaftari na kubandika bei. Msimamizi wangu anaitwa Caren, Mkenya, anaongea kwa watu wawili, kwa hiyo mimi nimepumzika. Ananiita "mrembo wa kimya". Jana aliniambia, "Wewe ukisema neno hapa nitanunua keki." Nikasema asante, akapiga kelele duka zima likageuka, na kweli akanunua keki.

Lile jambo sijamwuliza. Nimejaribu mara nyingi. Nasema "Baba," anasema "Naam," nasema "Nikuletee chai?" Anakunywa chai nyingi sana siku hizi.

Kitu kimoja nimekiona. Tangu tumerudi, Roma hasimulii kama zamani. Mgeni akija, Mama ndiye anaanza, yeye anatabasamu tu. Anaonekana ametulia, kama mtu aliyetua mzigo. Nikimwuliza naogopa nitambebesha tena. Nisipomwuliza nakuacha wewe na wako.

Nisamehe.
Jalia


Lushoto
6 Machi 2017

Mwanangu,

Barua imefika, posta bado wako hai. Hongera ya kazi. Huyo Caren mshikilie.

Basi usimwulize. Mtoto hatumwi kwa mambo ya wakubwa, nilikosea. Ila mwambie mama yako mwaka huu Idi wasinipigie. Sitakuja kwenye simu. Nimechoka kuitikia salamu.

Baridi imeanza mapema. Sare zimekwisha.

Sikujua


Rashidiya
21 Aprili 2017

Shangazi,

Shikamoo, sisi wazima, salamu nyingine nitazimalizia mwisho nikikumbuka. Nimemwuliza.

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima mkobani. Nilisoma "sitakuja kwenye simu" nikaona Idi inavyokuja, Baba ameshika simu, wewe hupo. Basi leo Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, alikuwa anapiga pasi kanzu. Mama alikuwa anaosha vyombo. Nikasema:

"Baba, Shangazi amesema Idi hii asipigiwe simu."

Akaendelea kupiga pasi mkono mmoja wa kanzu uleule.

"Baba. Bibi alipofariki ulikuwa wapi?"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama akafunga bomba.

"Nani amekutuma?"

"Nimejituma mwenyewe." Na ilikuwa kweli, kwa kuwa wewe ulishanikataza.

Akaisimamisha pasi. Akasema alikuwa hapahapa. Kambini, kule wanakolala wafanyakazi wa ujenzi, na ndege zikipaa wanazisikia. Arbab, yaani bosi mwenye ile kampuni ya kwanza, alifunga ofisi akatoweka, na pasi za kusafiria za watu wote zilikuwa kwenye kabati lake. Hawakuweza kufanya kazi kwingine, hawakuweza kuondoka nchini. Walikuwa wanakula chakula kinacholetwa na watu wa msikitini. Simu alikuwa anaazimwa na mlinzi wa lango, Mkenya aitwaye Cyrus. Siku uliyomwuliza atafika lini kwa ajili ya arobaini, alikuwa amesimama kwenye kibanda cha Cyrus, na ukutani kulikuwa na sahani iliyoachwa na watu fulani waliohama.

"Dada aliniambia ameshanitandikia chumba," Baba akasema. "Nikaitazama ile sahani, neno likanitoka. Roma."

"Kwa nini hukumwambia kweli?"

"Angefanya nini? Angeacha kumlilia mama aanze kunililia mimi. Nikaona bora anikasirikie. Mtu mwenye hasira hula na kulala."

"Na baadaye? Ulipopata pasi yako?"

"Baadaye nilikwishasimulia." Akakaa kitandani. "Kila nikitaka kurudi nyuma nakuta nimeongeza jengo jingine. Cyrus siku naondoka kambini alinipa ile sahani, akasema, chukua mji wako, Mtanzania. Tulicheka. Sikucheka tena baada ya hapo."

Nikamwuliza kwa nini basi alitupeleka, angeweza kutuacha tuamini. Akasema alitaka liwe kweli, hata kama limechelewa. Halafu akasema, "Wewe ulijua pale kwenye chemchemi." Nikatikisa kichwa kukubali. "Ahsante kwa njia ya mkato," akasema.

Mama alikuwa mlangoni na povu mikononi. Analia na anacheka. "Soud," akasema, "na lile jengo walilihamishia wapi?" Baba alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi sijawahi kuwapenda kama pale.

Amesema ataomba likizo ya Idi aje Lushoto akuambie ana kwa ana. Hataki kwenye simu. Amenishika bega akaniambia, "Usinitangulie, Jalia. Hili niachie niliseme mimi." Nikasema sawa.

Na sasa nakuandikia. Sijui kama nimefanya vibaya. Nimeogopa atasafiri mpaka huko, atapiga hodi, nawe umwitikie salamu tu na kuingia ndani.

Msalimie kila mtu.
Jalia


Lushoto
19 Mei 2017

Mwanangu Jalia,

Marahaba. Nilisoma barua yako nikiwa na mteja, nikamwambia arudi kesho, nikafunga mlango.

Miaka minane nimewaambia watu mdogo wangu yuko Roma. Nilikuwa nalisema kwa uchungu ili wamwone mbaya. Na yeye wakati ule anakula chakula cha sadaka. Nimekaa nikafikiri yale mapilau.

Amesema kweli, ningemlilia. Hapo alinijua. Lakini ningelia pamoja naye, na mama yetu angekuwa analiliwa na watoto wake wawili mahali pamoja, hata kama mmoja yuko kwenye simu ya mlinzi. Hilo hakulijua, na mimi sikuwahi kumpa nafasi ya kulijua.

Usimwambie nimesema aje. Mwambie tu plamsi zimekwisha lakini viazi vipo, na paa la chumba cha nyuma halivuji tena.

Umefanya vibaya, ndiyo. Usirudie. Mungu akubariki.

Sikujua


Rashidiya
14 Juni 2017

Shikamoo Shangazi, na Ramadhani njema,

Swaumu inakwenda, joto ni kali lakini dukani kuna kiyoyozi. Caren anafunga siku za Ijumaa ili kunipa moyo, anasema, halafu mchana namkuta nyuma ya makatoni na biskuti. Mama amenunua vitenge vyako viwili. Barua hii naipa Dada Agneta, anakuja tena kesho kwa mambo ya ule msiba wa kwao, kwa hiyo itamtangulia Baba. Nimefanya makusudi.

Baba amepata likizo. Anakuja na tiketi ya wafanyakazi mpaka Dar, halafu basi mpaka kwako. Siku kamili siwezi kukuambia. Atakwenda uwanjani na begi lake kila siku mpaka kiti kibaki. Nilimwambia habari ya viazi na paa. Akaenda kuoga. Akiwa bafuni nasikia anafanya mazoezi. "Dada, mimi wakati ule," halafu maji yanamwagika, halafu anaanza upya. "Dada, kuna jambo." Hajawahi kufika mwisho.

Kwa hiyo nakuomba. Akifika atazunguka. Atakuuliza habari ya mvua na bei ya mbegu, atakagua paa. Mwache azunguke. Usimsaidie hata neno moja. Akikwama, nyamaza. Na akifika pale pa kambini, muulize kama mtu asiyejua lolote, "Basi ulikuwa wapi, Soud?" ili akujibu yeye, kwa mdomo wake, kama alivyokuwa akija na vipande vya kikombe mkononi.

Barua zangu zitie kwenye jiko kabla hajapiga hodi. Hili libaki kati yangu na wewe, Shangazi, hata mimi na wewe tukizeeka. Asijue kamwe kwamba nilimtangulia.

Jalia